Mwalimu wa Umeme Tusiokuwa Nao

Katika shule yetu, upande wa Nyakisasa, kulikuwa na mwalimu aliyefundisha umeme miaka yote niliyomjua, na miaka yote hiyo umeme wenyewe haukuwahi kukanyaga pale. Yeye hakujali. Aliingia darasani, akapuliza vumbi la chaki kwenye mkono wa koti, akaandika ubaoni volti mia mbili na ishirini kwa uhakika wa mtu aliyeziacha nyumbani zikimsubiri chakula cha mchana. Mimi nilifundisha Kiswahili chumba cha pili, ukuta mmoja katikati yetu, na nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na migomba mitatu na kuku wangu. Nilimcheka sana. Naungama mapema ili msomaji asinidhanie mwema: nilimcheka mpaka siku ile wanangu mapacha, njiti wa miezi saba, walipolazwa ndani ya katoni la maziwa huku miili yao ikizidi kupoa, na mtu wa kuwapatia joto akawa yeye na chaki yake. Nitafika huko. Kwanza mumjue.

Sisi tulimwita Mwalimu wa Fizikia, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mrefu, mkimya asubuhi, msemaji baada ya saa nne, na suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama wima hata msimu wa matope. Chai aliinywa bila sukari kisha akailalamikia kwamba haina sukari. Kila nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, halafu hapo hapo akaniuliza swali. "Marahaba. Pasi ya volti mia mbili na ishirini inapitisha ampea nne. Ukinzani wake?" Mimi nimebeba ndoo kichwani, maji yananimwagikia shingoni, naulizwa ukinzani wa pasi.

"Mwalimu, mimi pasi yangu ni ya mkaa."

"Hata ya mkaa ina ukinzani," alisema. "Ila huo ni wa mwenye pasi."

Kisha alijijibu mwenyewe, maana hakuweza kuliacha swali likae bila jibu: gawanya volti kwa ampea, hamsini na tano, omu hamsini na tano. Ukitaka nguvu, usigawanye, zidisha: mia nane na themanini, wati. Aliyasema haya kama wengine wasemavyo Salamu Maria, na nilishayajua kwa moyo kabla sijajua yana maana gani.

Maana yake niliipata kwenye mtungi. Tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, wazee wamezunguka pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, na Mwalimu wa Fizikia akaona hapo ndipo penye maabara aliyonyimwa na serikali. Akawaambia wazee kwamba kiu yao ndiyo volti, pombe inayopanda ndiyo ampea, na wembamba wa mrija ndio ukinzani. Mwenye kiu kubwa na mrija mwembamba, na mwenye kiu ndogo na mrija mnene, wanaweza kunywa sawa. Mzee mmoja akauliza, "Na nguvu ni nini?" Mwalimu akajibu kwamba nguvu ni kiu mara pombe, na ndiyo itakayokuangusha njiani kwenda nyumbani. Wazee walimshangilia. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu kijijini asiyejua kwamba mrija uliozibwa na makapi una omu nyingi, na wanafunzi wake wa kidato cha tatu waliyaandika hayo kwenye mtihani, wakapewa alama nusu.

Lilikuwepo pia suala la jina. Vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, lakini aliamini mtu hawezi kuogopa vitu viwili kwa mpigo, lugha na hesabu, hivyo alieleza kwanza kwa Kiswahili na maneno aliyachonga mwenyewe. Mwanzoni ukinzani aliuita upinzani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na mkuu wa shule, mtu mwangalifu, aliposikia darasa zima likiimba "upinzani ukiongezeka, mkondo unapungua," alikuja mbio akamwomba atafute neno lingine. Nikampa ukinzani. Ndio msaada pekee niliompa katika taaluma yake, na aliutaja kwa watu miaka mingi kana kwamba nilimjengea nyumba.

Hiyo ndiyo miaka ya wakimbizi. Barabara iliyozoea baiskeli na mbuzi ilijaa malori, milima ikanyolewa kuni mpaka ikaonekana mifupa, na pale Benaco ukatokea mji wa turubai ambao ukiutazama kutoka juu huoni mwisho wake. Watu walikuja na huzuni ambazo hatukuwa na pa kuziweka. Tuliogopa, tulisaidia, tulilalamika, tuliuza ndizi; wote hao ni sisi. Mwalimu wa Fizikia alikwenda kila Jumamosi kwa baiskeli kufundisha watoto chini ya turubai, na ubao wake huko ulikuwa kifuniko cha sanduku. Nilimuuliza atawafundishaje umeme watu wasio na hata sufuria. Akanijibu kwamba hata wa kwetu hawana, kwa hiyo tofauti haioni.

Sokoni Benaco ndiko alikopatia ugonjwa wake mkubwa, ugonjwa wa kusoma vibandiko. Soko lile lilikuwa na kila kitu kilichowahi kuanguka kutoka kwenye lori. Wengine walitafuta blanketi na mafuta ya kupikia, yeye alichuchumaa nyuma ya vitu vya umeme, akavipindua, akasoma kile kibandiko kidogo cha fedha kilichoandikwa volti ngapi, ampea ngapi, akanakili kwenye daftari. Hakununua. Wauzaji walimjua na walimchukia kwa upole. Alisoma redio, alisoma birika, alisoma mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa haina waya. Akialikwa misheni kula pilau ya Pasaka, alikula haraka ili apate muda wa kwenda nyuma ya friji. Hata kwa masista alikwishaingia mpaka chumba cha kupigia pasi, na sista mkuu akamtoa kwa fimbo ya ufagio, wote wawili wakicheka.

Lakini msidhani alikuwa shujaa wa nyaya. Hapa ndipo penye kichekesho chenyewe: Mwalimu wa Fizikia aliuogopa umeme kama wengine tunavyoogopa nyoka. Misheni walipowasha jenereta, yeye alisimama mita tatu kutoka ukutani, mikono nyuma. Swichi hakuigusa, alimwomba mtu. Nilimshika siku moja akitoa betri kwenye tochi yake mwenyewe kwa kitambaa. Nilipomtania alisema bila aibu kwamba daktari wa simba hana lazima ya kumpapasa simba.

Alikuwa na tabia nyingine iliyonikera, ya kuingiza hesabu zake kwenye maisha ya watu. Mimi na wifi yangu tulipogombana, akaja kusuluhisha bila kuitwa. Akasema ukipeleka volti maradufu kwenye waya ule ule, mkondo nao unakuwa maradufu, basi joto haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. "Na ninyi wawili," akasema, "kila mmoja amepandisha sauti mara mbili." Tuliudhika naye kwa pamoja, na hivyo tukapatana. Sijui kama alikusudia.

Sasa niwapeleke kwenye katoni la maziwa.

Mimi kwetu ni Biharamulo, niliolewa Ngara. Mimba yangu ilipofika miezi saba, msimu wa mvua na baridi, uchungu ukanishika asubuhi nikiwa nasahihisha insha, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejifungua wavulana wawili kwenye kituo cha afya cha misheni, kila mmoja mdogo kuliko mkate. Kwetu mapacha wanaitwa Kulwa na Doto. Mama mkwe wangu, Mhangaza wa damu, akasema hapana, ni Bukuru na Butoyi. Kwa hiyo walikuwa na majina manne kabla ya kuwa na kilo nne. Mimi nilipatwa na homa kali, sikuweza kuwashika. Mama mkwe aliwafunga kifuani mwake kwa zamu na muuguzi, lakini muuguzi alikuwa na wagonjwa wengine, wengi wao wakimbizi, na kila walipofunguliwa wakalazwa kwenye katoni la maziwa ili wanyweshwe kwa kijiko, walipoa. Muuguzi alitia kidole chini ya kwapa la mdogo wao, akatingisha kichwa. Nilikiona kichwa kile. Nilielewa kwamba wasipopata joto, jioni hiyo watakuwa majina tu.

Kituo kilikuwa na sanduku la taa za joto, zawadi kutoka nchi ya mbali. Taa kubwa mbili na ndogo moja. Na kulikuwa na fundi wa jenereta aliyetoka Nyakanazi, kijana hodari aliyekulia chini ya malori. Fundi akachukua taa kubwa, akaichomeka. Ikawaka nyeupe kama jua la Pasaka, tukapiga makofi, kisha ikafanya pwaa, na tukabaki na vioo. Ilikuwa ya volti mia na kumi. Jenereta yetu ilikuwa ya mia mbili na ishirini.

Mama mkwe ndiye aliyetuma aitwe jirani. "Mwiteni yule Mwarimu anayesumbua watu na pasi," alisema.

Alikuja amelowa, na kitu cha kwanza alichofanya, mbele yangu mimi niliye mahututi, ni kuokota kitako cha taa iliyopasuka akasoma kibandiko. Volti mia na kumi, ampea moja. Akatoa chaki mfukoni, akageukia mlango wa wodi uliopakwa rangi ya kijani, akaandika.

"Ukinzani omu mia na kumi," alisema. "Nguvu yake wati mia na kumi. Wewe, fundi, umeipa volti maradufu, imepitisha ampea mbili. Mbili mara mia mbili na ishirini: wati mia nne na arobaini. Mara nne. Isingeweza kupona."

Fundi alinyong'onyea, lakini hakuwa mjinga. Akasema, "Basi mwalimu, tunazo mbili zimebaki. Lori lina vifaa vya volti kumi na mbili, betri zinatoa ishirini na nne, tunaviunga viwili kwa foleni, kimoja nyuma ya kingine, vinagawana nusu kwa nusu. Tuunge taa hizi mbili hivyo. Kila mtoto na taa yake."

Niliona wazo zuri. Muuguzi naye aliliona zuri. Kijana alikwisha shika nyaya.

"Hapana," alisema mwalimu.

"Hapana," alisema mama mkwe, wakati ule ule.

Wakatazamana. Mama mkwe akawa wa kwanza kutoa sababu. "Taa moja kubwa, moja ndogo. Pacha hapewi kikubwa mwenzake akapewa kidogo. Ukileta shuka, unaleta mbiri za sawa. Ukimpa mmoja zaidi, umemwita mwingine aondoke. Sitaki."

Mwalimu alikwisha anza kuandika mlangoni. Taa ndogo: volti mia na kumi, nusu ampea, basi ukinzani omu mia mbili na ishirini. Jumla na ile kubwa, mia tatu na thelathini. Mkondo utakaopita kwenye zote ni theluthi mbili ya ampea. Kisha akazidisha upande wa taa ndogo, na chaki ikavunjika. "Mia na arobaini na saba," alisema. "Hazitagawana nusu. Vifaa vya lori lako vinafanana, ndiyo maana vinagawana. Hapa mdogo ndiye atakayebebeshwa mzigo mkubwa, atakufa, na mkubwa atazimika naye kwa sababu wako kwenye foleni moja. Mama amesema kweli. Wawe sawa, au wasiwepo."

Mama mkwe alikunja mikono kwa ushindi. Fundi akaziweka nyaya chini. Na mimi kitandani nikaanza kulia, kwa sababu sasa nilikuwa nimeambiwa na elimu na mila kwa pamoja kwamba hakuna njia.

Mwalimu alisimama akiutazama mlango. Kisha akasema kwamba watoto walale pamoja katoni moja, chini ya taa moja, ile kubwa, ili mila itulie. Na taa hiyo ipatiwe mwenzake katika foleni, kitu chochote chenye omu mia na kumi, si lazima kiwe taa. Kifanye tu kazi ya kula nusu ya volti. Akafungua daftari lake la vibandiko. Alipindua kurasa kwa kidole kilicholowa, redio, birika, friji la padre, na sote tukamkodolea macho kama watu wanaosubiri namba ya bahati nasibu. Akasimama kwenye ukurasa mmoja. Akalifunga daftari.

"Pasi ya masista," alisema. "Volti mia mbili na ishirini. Ampea mbili."

Hata mimi mwenye homa niliigawanya. Mia na kumi.

Pasi ililetwa na sista mkuu mwenyewe, ameifunga kwenye kanga kama mtoto wa tatu. Ikabaki kuunganisha, na fundi akakataa. Alisema amekwisha ua taa moja, na hii ikiwa ya mwisho hataki mkono wake uwepo. Alifunga nyaya kama alivyoelekezwa, taa mbali na watoto kwanza, pasi imezungushwa mpaka alama ya moto kuliko zote ili isijizime, kisha akarudi nyuma. Ilibaki kuchomeka tu.

"Mwalimu," nilisema, "una uhakika?"

"Hesabu ina uhakika," alijibu. "Mimi ni mwoga."

Akapiga ishara ya msalaba, akafunga macho, akanyoosha mkono mbali na mwili wake kama mtu anayempa mbwa mkali mfupa, akachomeka. Taa ikawaka. Si nyeupe. Ya rangi ya chungwa, rangi ya makaa yaliyotulia. Akafungua jicho moja kulitazama lile chungwa, halafu la pili, na akaendelea kutazama muda mrefu kuliko sote. Kisha akasema, "Leteni watoto."

Taa ile iliwaka kila jenereta ilipofanya kazi, wiki tatu nzima, na jenereta ilipopumzika mama mkwe aliwachukua kifuani. Pasi nayo haikukaa bure. Ilikuwa na uvuguvugu wa robo ya moto wake, na mama mkwe alipasha nepi juu yake. Masista walihudhuria misa Jumapili tatu wakiwa na makunyanzi, na padre hakusema kitu. Mwalimu alikuja kila siku baada ya vipindi, akakaa mita tatu kutoka kwenye pasi, akaitazama. Mlango wa wodi haukufutwa. Nilipopata nafuu niliusoma wote, mstari kwa mstari, na nikaelewa kila tarakimu, na nikaona aibu kwa vicheko vyangu. Nilimwambia hivyo. Alisema vicheko ni vizuri, vinapunguza ukinzani. Sijui kama hiyo ni fizikia.

Baadaye wakimbizi waliondoka, turubai zikafungwa, sisi walimu tukahamishwa huku na kule. Yeye akastaafu akaenda kukaa kwa binti yake Biharamulo. Miaka ilipita, zaidi ya ishirini, bila kuonana.

Mwaka juzi nilikuwa Nyakanazi nikingoja basi, nimesindikizwa na wanangu wote wawili, mabega yao yameujaza mlango wa mgahawa. Nikaona nyuma ya friji la soda suruali yenye mkunjo, na mzee ndani yake amechuchumaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alisema bila kugeuka. "Hii ni ampea moja na nusu." Ndipo akageuka, akanijua, akashika mikono yangu yote miwili. Amekonda, masikio yamekuwa mazito. Niliwaita vijana wakamsalimu. Aliwatazama mmoja mmoja, juu mpaka chini, kama anayetafuta kibandiko, akawauliza nani mkubwa, akacheka walipogombea. Walipoenda kununua mahindi ya kuchoma, alikaa kwenye benchi karibu nami.

"Jirani," alisema, "kuna kitu sijakuambia. Ile pasi ya masista."

"Inafanyaje?"

"Namba ya ampea kwenye kibandiko ilikuwa imekwanguka. Kwenye daftari langu niliandika volti, halafu nikaacha nafasi wazi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Malori yalikuwa yakipita. "Ulisema mbili, Mwalimu."

"Nilisema mbili. Ilikuwa pasi ndogo, nyepesi, nikafikiri itakuwa kwenye mbili. Ingeweza kuwa tatu. Ingeweza kuwa nne, na nne ingeichoma." Alipangusa magoti yake, ambayo hayakuwa na vumbi. "Lakini mbili ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Na ningesema sijui, nani angeniachia nichomeke?"

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nilihesabu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kuulizwa, nne ingefanya nini, na nikafika kwenye mia na arobaini na saba, ile ile iliyovunja chaki. Kule kwa mwenye mahindi wanangu walikuwa wakibishana nani kapewa gunzi kubwa, na mwenye mahindi akawaongezea kipande ili walingane.

Basi langu likapiga honi. Nikasimama, nikashika mfuko wangu, nikarudi tena mbele yake, nikapiga goti kama binti kwa baba yake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba," akasema, na safari hii hakuniuliza kitu.